Kabari za springi za nyuma kwenye Hilux iliyoinuliwa: zipi za kununua, na lini uziache dukani

Kabari ya digrii ni kipande cha chuma chenye upande mnene na upande mwembamba. Hubanwa kati ya springi ya mabamba na kiti chake kwenye ekseli, ili pua ya difu (mahali propela, yaani shafti inayopeleka nguvu nyuma, inapoingia kwenye ekseli) ipande au ishuke. Huuzwa mbili mbili, nyingi zikiwa za digrii 2, 4 au 6, za alumini au za chuma. Hapa tunazipima kwa Hilux, za zamani hadi Vigo na Revo, ambazo springi ya nyuma hukaa juu ya ekseli. Kwa gari lenye springi chini ya ekseli, kama Land Cruiser nyingi za zamani, maelezo ya upande upi uende mbele yageuze.

Kwanza hili, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea: gari kuinuliwa si sababu ya kutosha ya kuweka kabari. Propela yenye krosi (kiungo kinachokunjika) moja kila mwisho inataka mstari wa kutokea transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) na mstari wa pua ya difu viwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1 hivi. Krosi iliyokunjika huharakisha na kuchelewesha propela mara mbili kila mzunguko, na krosi ya mwisho wa pili hufuta kosa hilo endapo tu imekunjika kwa kiasi kilekile. Fundi anayeinua pua ya difu hadi itazame transfa moja kwa moja anaifanya krosi ya nyuma isikunjike kabisa, huku ya mbele ikibaki na digrii 7 au 8. Hapo hakuna kinachofutwa, na gari linaanza kutetemeka kwenye mwendo ambao awali lilikuwa tulivu. Pua kuitazama transfa ni sawa tu kwa propela yenye krosi mbili zilizoshikana upande wa transfa, na Hilux haitoki kiwandani na propela ya nyuma ya namna hiyo.

Springi mpya za kuinua gari milimita 50, zikiwa zimetengenezwa vizuri, haziigeuzi pua kwa kiasi cha kusumbua. Sheko ndefu (vishikizo vinavyounganisha mwisho wa springi na chasisi) ndizo zinazoigeuza, na watu wengi hukosea ni upande gani. Sheko ya Hilux iko nyuma. Ukiirefusha milimita 50, sikio (tundu la mwisho) la nyuma la springi linashuka kwa kipimo hicho kutoka kwenye chasisi. Gari linapanda kama milimita 25 tu, na kwa springi yenye milimita 1,200 kutoka sikio hadi sikio, pua ya difu inainuka kwa digrii 2 na ushei ukilinganisha na chasisi. Kwa hiyo mwenye sheko ndefu akiongeza kabari ya kuinua pua, analizidisha tatizo lilelile. Anachohitaji ni kabari ya digrii 2 ya kuishusha.

Pima kabla ya kununua. Gari lisimame kwa magurudumu yake kwenye sakafu bapa, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Vipimo vilivyochukuliwa ekseli ikining'inia kwenye jeki havina maana. Weka kipimo cha digrii chenye sumaku kwenye flanji ya transfa, kwenye bomba la propela, kisha kwenye flanji ya difu. Propela ikiwa ya vipande viwili, linganisha kipande cha mbele na pua ya difu. Lenga pua iwe chini ya usambamba kwa digrii 1 hadi 2, maana unapokanyaga mafuta springi hujipinda na pua hupanda. Na kama gari linatetemeka wakati wa kuondoka tu, kisha linatulia, angalia senta bearing (beringi inayoishika propela ya vipande viwili katikati) kwanza. Mara nyingi vipande vya kuishusha milimita chache hutibu ugonjwa huo bila kugusa springi.

Sasa bidhaa yenyewe. Za alumini ya kumiminwa ni nyepesi, ni za bei nafuu, na hazifai gari la kazi. Zinapondeka kwenye ncha nyembamba, na kila zinapopondeka yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zinalegea. Ukanda wa pwani zina adui wa pili: alumini ikigusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi huliwa na kugeuka unga mweupe. Chuma ndicho cha kununua. Cha kuchongwa kwenye karakana za mashine pia kinakubalika, kikiwa kipande kimoja. Vibati vilivyopangwa ngazi na kuchomelewa usivikubali hata vikiwa vya bure.

Ukiwa dukani, ipime kabari kwa vernia. Kwa urefu wa milimita 150, ya digrii 2 iwe na tofauti ya milimita 5.2 kati ya ncha mbili, ya digrii 4 milimita 10.5, ya digrii 6 milimita 15.8. Maandishi ya kwenye pakiti yasikutoshe, na pima zote mbili: zikitofautiana, kiti cha kushoto na cha kulia vitavutana na kuisokota ekseli. Upana ulingane na springi (Hilux nyingi ni milimita 60). Urefu ulingane na kiti. Kabari fupi huibeba springi kwenye sehemu ndogo, na bamba linalokaa juu yake hupasuka kwenye ukingo. Tundu la katikati liwe la kupitisha mwili wa senta bolti (bolti inayoshika mabamba ya springi katikati), si kichwa chake. Kabari yenye tundu pana haishikwi na kitu zaidi ya mkandamizo, nayo hutoka taratibu kwenye barabara ya matuta madogo.

Digrii 6 hatuipendekezi kabisa. Kichwa cha senta bolti hukaa kimeinama na huchukua nguvu upande mmoja. Tofauti ikiwa kubwa hivyo, kata viti vya springi uvichomelee upya.

Pamoja na kabari 2, nunua senta bolti 2 ndefu zaidi za chuma kigumu na yubolti 4 mpya na nati zake 8. Yubolti ya zamani imeshavutika, na urefu wake hautoshi tena.

Kazi hufanywa upande mmoja baada ya mwingine. Weka vigingi magurudumu ya mbele, simamisha chasisi kwa stendi, beba ekseli kwa jeki ya magurudumu. Fungua shokapu chini, kisha yubolti, ushushe ekseli kidogo huku ukiangalia hosi ya breki isivutike. Bana springi kwa klampu 2, kila upande wa senta bolti moja, kabla ya kuifungua, la sivyo mabamba yatafumuka. Ingiza bolti mpya ikipitia kabari, kichwa chini. Kwa springi iliyo juu ya ekseli, upande mnene ukienda nyuma pua inapanda, ukienda mbele inashuka. Safisha kiti hadi chuma kionekane, maana rangi nene na kutu hupondeka baadaye na kulegeza kila kitu. Hakikisha kichwa cha bolti kimezama kwenye tundu la kiti. Kaza nati kwa mkato wa msalaba, kwa hatua, ukimalizia na spana ya toki kwa namba ya kitabu cha gari, magurudumu yakiwa chini.

Kwa Hilux yenye valvu ya breki inayopima mzigo, ufito wake unaokwenda kwenye ekseli unahitaji kurekebishwa. Gari likiinuliwa, valvu hudhani gari halina mzigo na kupunguza breki za nyuma, na kabari nayo huisogeza ekseli kidogo zaidi.

Piga mstari wa rangi kutoka kila nati hadi kwenye bamba la chini. Baada ya kilomita 100 kaza tena, na baada ya 500 kaza tena. Nati ambayo mstari wake bado unahama baada ya hapo ina kabari inayopondeka chini yake.