Godoro la hewa la mgonjwa wa uti wa mgongo, maoni yangu baada ya kulitumia nyumbani

Habari zenu wapendwa. Nimeona wengi wanaulizia haya magodoro ya hewa yenye mashine, yale ya vifuko vifuko vinavyojaa upepo na kupungua vyenyewe, kama kweli yanasaidia au ni kupigwa tu. Sisi tunalo hapa nyumbani Mbagala, analilalia kaka yangu. Aligongwa akiwa kwenye bodaboda, uti wa mgongo ukaumia kwenye pingili za kifuani kule chini, kuanzia kitovuni kushuka hasikii kitu na miguu haina nguvu. Kwa hiyo naongelea kitu ninachoishi nacho kila siku.

Jibu langu ni nunueni kama uwezo upo. Ila mjue mnanunua nini, maana wauzaji wengi wanaliongelea kama vile ukishalitandika kazi imeisha na hapo ndo wagonjwa wanapoumia.

Mimi na wewe tukilalia upande mmoja mpaka uchoke, mwili unajigeuza wenyewe hata usingizini. Mgonjwa wa uti ile taarifa haimfikii, anabaki pale pale, mfupa unakandamiza nyama, damu haipiti vizuri, nyama inaanza kufa na yeye haumwi popote. Sehemu zenyewe ni pale juu ya makalio kwenye mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Kidonda cha kulalia kinaweza kuanza ndani ya masaa machache tu halafu kupona kikachukua miezi, na kikiingia wadudu kinaua. Yule mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve aliyeanguka na farasi 1995 akapooza, alikuwa na pesa na manesi wa kumhudumia nyumbani, na bado mpaka anafariki 2004 alikuwa anatibiwa kidonda cha kulalia kilichopata maambukizi. Nilivyosikia hiyo niliogopa sana kwa kweli.

Sasa godoro lenyewe. Linakuja na pampu ndogo ina ndoano mbili za kuning'iniza miguuni kwa kitanda na mirija miwili. Vifuko vinajaa kwa zamu, hivi vikijaa vile vinapungua, baada ya dakika kama kumi vinabadilishana, ili pasiwe na sehemu moja inayobanwa muda wote. La kwetu linatandikwa juu ya godoro la kawaida la sponji, usiliweke juu ya chaga tupu.

Kuna kitufe cha kuzungusha cha kuweka nguvu ya upepo kufuatana na kilo za mgonjwa. Dukani tuliambiwa wekeni fulu ndo linafanya kazi vizuri, tukaweka. Dada wa fizio alivyokuja kumfanyisha mazoezi akagusa tu akasema hili limekuwa gumu kama ubao, akarudisha nyuma mpaka kwenye kilo zake. Halafu akatuonyesha kitu ambacho naomba mkishike: unapitisha mkono chini ya godoro la hewa, kiganja kikiangalia juu, pale makalio yalipo. Ukihisi mfupa wa mgonjwa umekukalia mkononi ujue upepo ni mdogo, inatakiwa ubaki unene wa hewa kama sentimita mbili na nusu hivi kati ya mkono wako na yeye. Wifi, mke wa kaka, anafanya hivyo kila jioni kabla hajamlaza. Na shuka iwe moja, isiyovutwa sana, mkirundika mablanketi na makintoshi (zile shuka za mpira) na khanga tatu juu yake mmelinunua bure, na joto la Dar hili atalowa jasho na ngozi mbichi inachunika haraka.

Kumgeuza mgonjwa kuko pale pale. Hospitali walituambia kila masaa mawili, kwa hiyo usiku ilikuwa saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, alamu inalia nyumba nzima inaamka. Tulikuwa tunapokezana mimi, wifi na mtoto wa dada, lakini wifi ndo alikuwa anabeba mzigo mkubwa maana hata zamu isipokuwa yake anaamka tu. Baada ya godoro kukaa na ngozi kukaguliwa ikaonekana iko safi, fizio akaturuhusu tusogeze muda kidogo usiku. Msijiamulie wenyewe, mwacheni mtaalamu aangalie ngozi ya mgonjwa wenu. Lakini kwetu hicho kipande cha usingizi kilichoongezeka ndo thamani ya ile hela yote, wifi sasa hivi anaongea, anacheka, anakaa na mumewe wanapiga stori badala ya kumuangalia kama kazi. Na kaka mwenyewe alikuwa anaumia kuona watu hawalali kwa ajili yake.

Kingine kuhusu kukagua. Vipeperushi vinasema angalia wekundu, sasa kwa ngozi zetu nyeusi wekundu utauona wapi? Angalia sehemu iliyokoza weusi kuliko pembeni yake, pitisha mgongo wa mkono usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu. Ukikuta hivyo asilalie tena hapo mpaka patulie, na msipasugue, watu wanadhani kuchua kunasaidia kumbe mnaumiza nyama iliyo chini. Ile mito ya duara yenye tundu katikati nayo achaneni nayo, inabana damu pembeni.

Mabaya yake yapo. Umeme ukikatika pampu inazima na upepo unaanza kushuka, la kwetu unaweza kuchomoa mirija na kuiziba ikashikilia kwa muda, ila ukikatika usiku mrefu mnarudi kwenye kugeuza kila masaa mawili bila kujadiliana. Ulizeni hilo la kuziba kabla hamjalipa maana mengine hayana. Umeme wa LUKU haili sana, pampu ni ndogo. Mlio upo, kama friji kuukuu hivi, kaka wiki za mwanzo ulimkera, sasa anasema ukinyamaza ndo anaamka. Plastiki yake ni nyepesi pia, kifuko kimoja kilitobolewa na pini ya khanga, tukaziba kwa kiraka kilichokuja kwenye boksi, mpaka leo kimeshika.

Tulinunua Kariakoo kwenye maduka ya vifaa tiba, laki na themanini baada ya maongezi. Ukienda wambie walijaze pale pale dukani, lisubiri, sikiliza kama linavuja, hakikisha vifuko vinapokezana kweli, na vifuko vyenyewe viwe vinachomoka kimoja kimoja ili kikiharibika ubadilishe hicho tu. Godoro hili nalipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu karatasi ya maelekezo ndani ni Kichina na Kiingereza tu na kitufe cha kilo ndo kitu muhimu kuliko vyote, mama yangu ambaye anashinda na mgonjwa mchana kutwa hawezi kuisoma. Tumemwekea alama ya rangi ya kucha pale kinapotakiwa kusimama.

Sasa hivi kaka ameanza kukaa kwenye kiti mwendo, anajinyanyua kwa mikono kila robo saa kupumzisha makalio kama alivyofundishwa, na tunatafuta mto mzuri wa kukalia, wa hewa au wa jeli, si sponji la kukata kwa fundi makochi. Aliyenunua hapa Dar akaridhika nao naomba aniambie ni wa aina gani na umedumu muda gani.