TAHADHARI: Wakala wa safari za Livingstone na Chobe anayesalimia kwa Kinyakyusa ni TAPELI

Kama kuna mtu humu anapanga likizo ya maporomoko ya Victoria Falls na hifadhi ya Chobe kule Botswana, na wakala wake ni kijana mwenye sauti ya upole, namba inaanza na +260, anajitambulisha kuwa mtoto wa Tukuyu anayeishi Livingstone, Zambia, ASITUME HATA SHILINGI. Kama umeshatuma, soma halafu unitafute. Huyu mtu ni mwizi. Nasema mwizi kwa sababu nimeona kwenye grupu wapo walioanza kumtetea, eti labda alipata dharura. Dharura gani ya mtu anayefuta chumba cha mama mtu mzima huku anamtumia sauti ya "safari njema mama yangu"?

Safari ilikuwa ya mama mkwe wangu, mwalimu, akaione kwa macho ile Zambezi aliyokuwa anawachorea wanafunzi ubaoni. Mliochanga mnajijua, na mnajua vilevile hela nilikuwa nashika mimi. Ndiyo maana tangu Pasaka nimekuwa kimya, simu zenu nazipokea nusu nusu. Sasa nimechoka kunyamaza maana huyu mshenzi bado yuko kazini.

Na kabla hamjaniuliza "wewe dada na usomi wote ule uliingizwaje mjini", nisikilizeni kwanza.

Wa kwanza kumkubali alikuwa mama mkwe. Jioni moja tuko sebuleni nikamweka kijana kwenye spika ili atueleze ratiba. Aliposikia kuna mama yupo akakatisha maelezo yote, "Ugonile, mama." Mama kacheka mpaka kashika kifua. Wakaanza kuulizana kwa kina nani, sijui Katumba, sijui mashamba ya chai, sijui baridi ya mwezi wa sita. Dakika kumi nzima bei haijatajwa. Mnamjua mama mkwe wangu, hata na majirani anaongea kwa kupima. Simu ilipokatwa akasema, "Huyu ni mwanetu." Mlitaka nimwambie nini mama? Kwamba simwamini mtoto wa kwao?

Halafu alikuwa anaijua kazi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela. Alinieleza kuwa Pasaka huwa karibu na mwezi mpevu, na siku za mwezi mpevu hifadhi ya maporomoko hufunguliwa usiku watu wakaone upinde wa mvua unaotokana na mwanga wa mwezi, na kwamba Aprili Zambezi imejaa kwa hiyo mvuke ni mwingi na upinde unaonekana vizuri. Nikatafuta mwenyewe, kweli tupu. Nikamuuliza tembo wa Chobe, akanijibu, "Dada nisikudanganye, makundi makubwa kabisa mtoni ni kiangazi, maji ya porini yakikauka. Aprili bado kuna maji huko ndani, tembo wametawanyika. Mtawaona, lakini usimwahidi mama mia tano." Niambieni, tapeli gani anakupunguzia matumaini? Mimi wauzaji ninaowajua wangesema tembo watakuja mpaka mezani.

Sasa ile usiku yenyewe. Jumatano, wiki moja kabla ya safari. Nilikuwa jikoni, Luku inapiga kelele uniti zinaisha, maharage yako jikoni na mtoto analilia daftari. Simu ikaingia. "Dada, hoteli wanataka salio leo kabla ya saa nne usiku. Pasaka wamejaa, wakiachia vyumba vyetu hatuvipati tena." Akanitumia karatasi ya uthibitisho wa hoteli, vyumba viwili, Alhamisi mpaka Jumatatu, majina yetu manne hakuna herufi iliyokosewa, hata lile jina la mama la ubatizo ambalo kila mtu hulikosea.

Sikukurupuka. Nilimwambia subiri. Nikaingia kwenye tovuti ya hoteli, nikachukua namba MWENYEWE, sikutumia aliyonipa yeye, nikapiga Livingstone. Dada wa mapokezi akapokea. Nikamtajia jina, nikasikia anabofya bofya, akasema ndiyo mama, jina lipo, vyumba viwili, kuanzia Alhamisi. Nikamuuliza kila kitu kiko sawa? Akasema kiko sawa, karibuni sana. Jamani, mngefanya nini zaidi ya hapo? Mume wangu alikuwa amesimama pembeni anasikia. Hata yeye akasema, "Basi lipa tulale."

Lipa namba ikaleta jina la mwanamke, majina mawili ya mtu, si kampuni. Nikasita, nikampigia. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyezoea kuulizwa. "Huyo ni mhasibu wetu wa Dar, dada. Kampuni iko Zambia, lipa namba ya Bongo tungesajilije? Ukipitisha benki makato yatakuumiza." Ikaniingia akilini. Nikaweka namba ya siri. Sh 3,900,000, juu ya zile 3,900,000 za mwanzo ambazo mnazikumbuka. Ujumbe wa muamala ukaingia, na yeye papo hapo, "Mungu akubariki dada," na vile vimikono vya kuomba. Kisha akamtumia mama sauti yake peke yake, Kinyakyusa kitupu, kwamba asisahau koti refu la mvua maana mvuke wa maporomoko unalowesha mpaka mifupa. Kesho yake mama akaenda Kariakoo kununua koti.

Wiki yote aliendelea kunijibu! Hali ya hewa, rangi ya gari litakalotupokea, dereva anapenda kuitwa nani. Hadi asubuhi ya safari alikuwa anajibu.

Ndege tulijikatia wenyewe, ndiyo pona yetu kidogo. Lusaka, pale uwanja wa Kenneth Kaunda, kwenye dirisha la uhamiaji nikatoa karatasi yake ya "viza ya KAZA", viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe, ile aliyotutoza dola 50 kila kichwa. Afisa akaiangalia, akaangalia pasi zetu, akaniuliza hii ni ya nini. Mtanzania haombi viza Zambia! Wala Zimbabwe, wala Botswana. KAZA ni ya wageni ambao nchi zao zinadaiwa viza, na hao ndio hulipa hizo dola 50. Akagonga mihuri, tukapita bure. Ilikuwa nimeshikwa na baridi mgongoni lakini nikajisemea labda ni makosa ya ofisini.

Nje hakuna mtu mwenye bango. Simu inaita haipokelewi, baadaye haiiti. Ujumbe tiki moja. Picha yake ikapotea. Mama anasema, "Mtoto amekwama njiani, atatusubiri huko huko." Tukapanda basi. Lusaka mpaka Livingstone ni karibu kilomita 480, Mazabuka na miwa yake, Choma, Kalomo, na njia nzima mama anatusimulia wanafunzi wake wa darasa la sita jinsi alivyokuwa anawachorea Zambezi ubaoni. Mimi na wifi yangu hatuangaliani.

Tumefika hoteli giza limeingia. Dada wa mapokezi alikuwa yule yule niliyeongea naye, sauti niliijua. Akageuza kioo cha kompyuta tuone. Jina lipo, pembeni limeandikwa kuwa oda imefutwa. Imefutwa lini? Alhamisi asubuhi ya wiki iliyopita, yaani nimelipa usiku, kukikucha kafuta. Akanieleza kwa huruma tu, hakuwa na kosa: vyumba vilishikwa kupitia mtandao wa kubuku hoteli, kwa utaratibu wa kulipa ukifika na kufuta bila gharama. Hakuna aliyewahi kulipa hata ngwee moja. Mimi nilimuuliza kama jina lipo, na siku ile kweli lilikuwepo. Nikageuka nyuma. Mama mkwe amekaa juu ya begi lake katikati ya ukumbi wenye zulia, amevaa koti la mvua limefungwa vifungo vyote, kwa sababu aliambiwa avae akifika. Hakulia, hakusema kitu. Alimuuliza mwanawe tu kama na vyoo vya hapa ni vya kulipia.

Hoteli ilikuwa imejaa kweli. Dereva wa teksi ndiye aliyetutafutia nyumba ya wageni ya watu wa kawaida, Mungu ampe maisha marefu, na hakutuchaji cha usiku. Maporomoko tuliyaona kwa hela zetu. Lile daraja dogo la miguu la upande wa Zambia, Knife-Edge, ukivuka Aprili ni kama unamwagiwa ndoo, huoni mbele, unasikia ngurumo tu. Mama alifurahi, hilo sikatai. Chobe hatukufika. Hela iliyobaki ilikuwa ya kurudi.

Huyo huyo dereva alipoiona ratiba yetu alicheka kisha akajizuia akaona aibu. Ratiba ilikuwa na "nauli ya pantoni ya Kazungula". Pantoni gani? Daraja la Kazungula limefunguliwa Mei 2021, mita 923, magari yanapita juu kati ya Zambia na Botswana, na lile pantoni la magari likawa historia. Mwizi ananitoza nauli ya chombo kilichoacha kazi! Halafu siku ya Jumamosi aliandika tukaogelee Devil's Pool, kile kidimbwi cha ukingoni mwa maporomoko. Kidimbwi kile ni cha miezi maji yakipungua, kuanzia kama katikati ya Agosti mpaka Januari hivi. Aprili ukiingia hapo unatua chini, mita mia na zaidi. Yaani aliyejua mambo ya upinde wa usiku na tembo, hapo ndipo alipobandika chochote kujaza ukurasa ili bei ipande.

Na la hoteli: ukipiga simu usiulize kama jina lipo. Uliza IMELIPWA KIASI GANI na anayeweza kuifuta ni nani. Jina kuwepo ni kazi ya dakika mbili, hata mimi sasa hivi naweza kukubukia chumba Livingstone kwa jina lako. Na lipa namba ya jina la mtu binafsi, mnajua wenyewe. Namba ya +260 nayo si ushahidi wa kitu, laini ya Zambia Tunduma inashika vizuri tu na WhatsApp inatembea popote.

Nyingine nitakumbuka baadaye, kichwa kinauma.

Ninachotaka mimi ni huyu mtu akamatwe. Nimeripoti namba yake kwenye 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu, na polisi nimeshakwenda, faili limefunguliwa. Yule mwanamke wa lipa namba naye asijifiche nyuma ya "mimi nilitumwa". Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, anajulikana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, haikuandikwa kwa ajili ya wanaotukanana tu. Nataka nimwone kizimbani akimsalimia mama mkwe kwa Kinyakyusa mbele ya hakimu. Nataka arudishe kila senti, na hela ya koti. Wanaosema "mwachie Mungu", mimi Mungu namwachia ya kwake, haya ya lipa namba nayafuata mwenyewe. Na wewe kaka uliyeandika jana kwamba tulitaka vya bei rahisi: milioni moja na laki tisa na nusu kwa kichwa, bila ndege, ndiyo rahisi kwenu? Hongera.

Jina na namba sibandiki hapa, wakili kanikataza mpaka polisi wamalize. Ila mtamjua: ukurasa umebadilisha jina juzi, picha ya juu ni ile ile ya tembo anaogelea mto Chobe mkonga juu, na sasa anauza "kifurushi cha Nane Nane". Kwenye maoni kuna dada anauliza kama kuna nafasi za wazee. Nimemwandikia, hajanijibu, huenda maoni yangu yanafutwa. Anayemfahamu amshtue. Na yeyote mwenye muamala wa kwenda kwa yule mwanamke, aje inbox na skrinshoti yenye tarehe kabla ya Jumatatu. Mpelelezi anataka tuwe wengi.