Sanje, Udzungwa: nusu siku ya jasho halali
Hifadhi ya Milima ya Udzungwa haina barabara ndani. Kila kitu ni kwa miguu, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Kutoka Mikumi mjini shika njia ya Ifakara hadi Mang'ula, kilomita 60 hivi. Beba kadi au pesa kwenye simu, usitegemee taslimu langoni.

Chagua njia ya Sanje: maporomoko ya mita 170 kwa mikupuo mitatu, mwendo wa saa nne mpaka tano kwenda na kurudi. Kupanda kunakata pumzi, lakini kinachoangusha watu ni kushuka. Majani mabichi juu ya mizizi huteleza kama sabuni, na raba iliyolika soli haishiki. Kaza kamba kifundoni, la sivyo vidole vitagonga mbele ya kiatu mpaka kucha ziive. Maji lita 2 kwa kila mtu, na chakula chako, kwani njiani hakuna kibanda.

Ukiwahi asubuhi, mbega wekundu utawaona. Kima wa Sanje ni bahati. Hata wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu. Machi hadi Mei, ahirisha.