Eneokazi jepesi la Linux kwa kompyuta kuukuu: tunavyoyapanga

Programu hizi ni za bure, kwa hiyo hapa unalipa kwa RAM. Kipimo chetu ni kimoja: kila eneokazi (desktop, yaani paneli, menyu na madirisha unayoyaona kwenye skrini) linakupa nini kwa kumbukumbu linayokula?

Nafasi ya kwanza tunaipa Xfce, hasa kwa kompyuta yenye RAM ya GB 2 hadi 4. Paneli, kisimamizi cha faili na mipangilio ya betri vinakuja tayari, na sura yake haigeuzwi kila toleo jipya. Kwenye Debian na Ubuntu andika kwenye terminal `sudo apt install xfce4 xfce4-goodies`. Madirisha yakikwama ukiyaburuta, endesha `xfwm4-tweaks-settings`, nenda kwenye Compositor (inayochora vivuli na uwazi wa madirisha), uizime. Vivuli vitatoweka na kadi dhaifu ya michoro itapumua.

Ya pili ni LXQt, inayotumiwa na Lubuntu, Ubuntu nyepesi, tangu toleo la 18.10. Inalipa zaidi kwa anayetumia programu zilizojengwa kwa maktaba za Qt, kama VLC, maana maktaba zake tayari zimepakiwa. Usipoona alama ya Wi-Fi kwenye paneli, sakinisha `nm-tray`.

MATE, mrithi wa GNOME 2, ni ya tatu: imekamilika na inastarehesha, ila ni nzito kidogo.

IceWM tunaiweka mwisho kwa sababu inadai kazi, ingawa kwenye GB 1 ndiyo ya kukimbilia. Inasimamia madirisha na upau wake wa kazi tu. Kisimamizi cha faili, mathalani `pcmanfm`, unaongeza mwenyewe. Programu za kuanza nayo huandikwa kwenye `~/.icewm/startup`. Faili hilo lazima lipewe `chmod +x`, la sivyo hakuna kitakachoanza.

Usijaribu ndani ya akaunti yako ya kila siku. Maeneokazi yote hutumia folda moja ya `~/.config`, hivyo fonti, aikoni na programu za kufungulia faili huvurugika. Fungua akaunti mpya kwa `sudo adduser jaribio`, kisha uchague eneokazi kwenye skrini ya kuingilia. Usakinishaji ukikuuliza kati ya LightDM na SDDM (programu za skrini hiyo ya kuingilia), baki na uliyonayo.

Baada ya kuwasha upya, subiri dakika mbili, uandike `free -h`. Soma safu ya "available", si "free", kwani Linux hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi data za diski. Ukiondoa usilolitaka, soma orodha ya `apt autoremove` kabla ya kukubali. Inaweza kuondoka na programu ya mtandao.

Kivinjari chenye tabo nyingi hula kuliko tofauti yote iliyopo kati ya maeneokazi haya. Kama bado una diski ya kuzunguka, nunua SSD (diski isiyozunguka) kwanza, halafu RAM. `sudo dmidecode -t memory` itakuonyesha aina ya RAM, kama DDR3 au DDR4, na idadi ya nafasi zake. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na mashine inayotaka DDR3L ya volti 1.35 inaweza kukataa kuwaka ukiipa DDR3 ya volti 1.5.