Pete ya jiwe jekundu: usianze na karati, anza na kioo

Nilikuwa nakamulia ndimu samaki, pete kidoleni kama kawaida yangu. Siku chache baadaye wifi ndiye aliyeniuliza: mbona jiwe limechora michirizi myeupe? Laki tatu na nusu hiyo, duka moja la sonara mjini, nikaambiwa ni rubi. Na ni rubi kweli. Ujanja uko hapohapo.

Rubi iliyojaa nyufa, ambayo mtu angeitupa, hupashwa moto na kumiminiwa kioo chenye madini ya risasi. Nyufa zinafichika, jiwe linang'aa. Ila kioo hicho hakipatani na asidi, na ndimu ni asidi. Moto nao hakiuwezi: fundi akiwasha gesi akupunguzie pete, jiwe linaharibika mkononi mwake, halafu atakwambia ulilileta hivyohivyo.

Kwa hiyo rangi na karati, yaani uzito wa jiwe, utaelezwa na wengine. Wewe omba lenzi ya kukuza mara 10, uligeuzegeuze jiwe chini ya taa. Ukiona viputo ndani, au mmweko wa bluu ukipita kwenye ufa, mrudishie mwenyewe.

Sasa chaguo langu la kwanza, na napendelea waziwazi: spineli, jiwe jingine linalofanana na rubi, ya Mahenge, kule Ulanga, Morogoro. Mwaka 2007 yalitoka huko mawe makubwa ajabu na jina la Mahenge likavuka bahari. Wekundu wake una upinki unaowaka, na mara nyingi jiwe halijapikwa kabisa, yaani halijapashwa moto kupendezeshwa. Anayeliita rubi ya maskini akaangalie taji la kifalme la Uingereza: ile "rubi" ya Black Prince, mwana wa mfalme wa zamani, iliyo mbele ni spineli, na watu waliiita rubi karne na karne.

La pili ndiyo rubi yenyewe, isiyo na kioo. Za Winza, wilayani Mpwapwa, zilivuma sana 2008. Kupikwa kwa moto mtupu si kasoro, mradi uambiwe. Ugumu wake ni 9, almasi ikiwa 10, kwa hiyo ni pete ya kuvaa kila siku. Kwa wazazi waliotimiza miaka 40 ya ndoa, kwa desturi hii ndiyo yao; na kama mama ni msomaji wa Surat Rahman, yakuti, yaani rubi hiyohiyo, anaijua tangu madrasa.

Rubi ya Longido, ile iliyokaa ndani ya jiwe la kijani, haipitishi mwanga. Inapendeza kwenye shanga na vinyago. Ganeti, jiwe jingine jekundu, ni ya bei rahisi na ni nzuri. Basi.

Kinachonichoma ni kwamba mawe yanachimbwa kwetu, lakini ukiomba cheti muuzaji ananuna. "Dada, hapa tunauziana kwa uaminifu." Niliporudi na pete yangu dukani, muuzaji alinikumbuka vizuri, akaniagizia na soda, kisha akasema kosa ni la ndimu. Nikatoa risiti nimwonyeshe alichoniuzia. Imeandikwa: "Pete 1."