TAHADHARI: Anauza monita za "Full HD" ambazo si Full HD

Jamani, nimepigwa, na sitaki mwingine apigwe kwa njia ile ile. Kuna muuzaji wa monita zilizotumika anayetangaza mtandaoni: inchi 19, Full HD (yaani kioo chenye pikseli, vidoti vidogo vinavyounda picha, 1920 kwa 1080), safi, haina mkwaruzo. Sikununua kwa picha, nilikwenda kuiona. Akaiunganisha na laptopu yake, akaweka video ya samaki kwenye maji ya giza, rangi zinang'aa. Akafungua mipangilio, nikasoma mwenyewe: 1920×1080. Nikalipa.

Nilipofika nyumbani nikafungua maandishi. Herufi zina ukungu, unazisoma huku umekunja uso. Kompyuta yangu ikapendekeza 1366×768. Nikageuza monita, nikaitafuta mtandaoni nambari ya modeli iliyobandikwa mgongoni, na kweli: kioo chenyewe kina pikseli 1366 kwa 768. Full HD ina pikseli 2,073,600. Hii ina 1,049,088, yaani nusu tu.

Ujanja wake ni huu. Baadhi ya monita hupokea picha ya 1920×1080 kisha huibana iingie kwenye kioo chenye pikseli chache. Namba niliyoonyeshwa ilikuwa ya picha inayotumwa na laptopu, si ya kioo. Video inayosogea haikuonyeshi tofauti, maandishi madogo yanakuonyesha papo hapo. Na mkiona tangazo limeandikwa "inakubali 1080p", yaani picha ya 1920×1080, ulizeni kioo chenyewe kina pikseli ngapi. Kukubali si kuwa nayo.

Hayo ningeyavumilia. Lakini baada ya kama dakika arobaini ukajitokeza mstari wa kijani, wima, juu mpaka chini. Dukani monita iliwashwa dakika tano tu, haikupata muda wa kupata moto. Nikampigia simu, akanijibu bila kusita: "Kadi yako ya picha imekufa, nunua nyingine." Kadi hiyo ni kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha. Nusura ninunue! Kabla ya hapo nikapiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, nikaituma kwenye simu: safi, hakuna mstari. Kisha nikachomoa waya wa picha na kubonyeza kitufe cha menyu ya monita. Menyu ikaja, na mstari umeikata katikati. Kompyuta haipo kabisa, mstari upo. Ubovu ni wa monita, na mstari wa namna hii mara nyingi hutokana na maungio ya nyaya nyembamba pembeni mwa kioo. Fundi akaniambia kuutengeneza kutazidi bei niliyonunulia.

Nisiwaonee wauzaji wote. Skrini nzima ikigeuka manjano na unatumia waya wa VGA (ule waya wa picha wa zamani wenye pini nyingi), badilisha waya kwanza, huenda pini ya bluu haigusi vizuri na monita haina kosa.

Ile video ya giza nayo haikuwekwa bure. Siku ya pili nilijaza skrini rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe nikaona vidoti vitatu vyeusi, hizo ni pikseli zilizokufa, na kwenye video ya giza hazionekani. Kwenye nyeusi kulikuwa na kimoja chekundu kisichozimika. Ukienda kununua, beba picha hizo tano kwenye flashi, ziweke skrini nzima, uchukue muda wako. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Wengine watakushauri ushushe rezolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha, hata chini ya ile ya kioo ili ukungu uishe. Hapana, inazidi kuharibika. Iache kwenye ile ya kioo chenyewe, na kama herufi ni ndogo, ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio. Yangu niliirudisha 1366×768, herufi zikakaa sawa. Tatizo ni kwamba nililipia nafasi ya kufungua kurasa mbili pamoja, na haipo.

Pesa amegoma kurudisha. Risiti aliyonipa imeandikwa "monita 1" tu, bila modeli wala dhamana, na kosa hilo ni langu, ningedai viandikwe vyote viwili kabla ya kutoa hela. Jana nimeliona tena tangazo lake kwa jina jingine la ukurasa, na samaki wale wale. Nikamwomba, kama mteja mgeni, picha ya kibandiko cha mgongoni. Amesoma, hajajibu mpaka sasa.