Kipimo cha kotisoli kwa mate: kinamfaa askari aliyetoka vitani?

Ukifungua kiboksi unakuta vichupa 4 vya plastiki, ndani ya kila kimoja kipande kigumu cha nyuzi kinachofanana na kichungi cha sigara. Pembeni kuna vibandiko vya kuandikia jina na saa, fomu ya maswali, na bahasha ya kurudishia maabara. Mtumiaji anatafuna kipande asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, anatuma, kisha baada ya siku kadhaa anapokea grafu yenye nukta 4 inayoonyesha mwendo wa kotisoli, homoni ya msongo, kutwa nzima. Vifurushi vya namna hii huuzwa mtandaoni Marekani na Ulaya, na bei mara nyingi huvuka dola 100.

Mnunuzi tunayemfikiria hapa ni askari aliyerudi kutoka vitani, au mkewe, au nduguye anayemhangaikia. Usingizi haumjii, mlango ukibamizwa anaruka, viungo vinauma, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Amesikia kwamba kiwewe cha vita huvuruga homoni na kinga ya mwili, jambo ambalo ni kweli, naye anataka kuliona kwa namba. Namba atazipata. Ila swali lake kifurushi hiki hakiwezi kulijibu, na ni haki yake alijue hilo kabla hajatoa fedha.

Tuanze na kilicho kizuri. Mate hubeba kotisoli huru, ile isiyoshikwa na protini za damu, na hiyo ndiyo inayofanya kazi kwenye seli. Hakuna sindano, na hilo lina maana kubwa kwa mtu ambaye kuchomwa tu kunampandishia msongo na kuharibu kipimo chenyewe. Angalia aina ya kichupa. Katika vichupa vya Salivette vya kampuni ya Sarstedt ya Ujerumani, kifuniko cha buluu ni cha kotisoli na kipande chake ni cha nyuzi za sintetiki. Cheupe kina pamba ya kawaida, na cha kijani kina pamba yenye asidi ya sitriki ya kuchochea mate. Asidi hiyo huweza kuvuruga vipimo vinavyotumia kingamwili, na pamba huingilia homoni kama testosteroni na DHEA. Kifurushi cha pamba kinachoahidi kupima homoni zote hizo kwa pamoja kiache dukani.

Kutafuna ni kwa dakika 1 hivi, mpaka kipande kilowe vizuri. Usikiguse kwa vidole: kiangushie mdomoni kutoka kwenye kichupa na ukirudishe kwa mdomo. Mtu aliyejipaka krimu ya haidrokotisoni mkononi akakishika anaweza kuleta namba ya ajabu kabisa. Usipige mswaki kabla, kwa sababu fizi zikitoa damu, kotisoli ya damu huingia kwenye mate. Chai, kahawa, chakula na sigara viwe mbali kwa angalau nusu saa. Pipi za likorisi zenye mzizi halisi nazo hupandisha kotisoli ya mate, kwani huzuia kimeng'enya kinachoigeuza kotisoli kuwa kotisoni. Dawa ndizo mbaya zaidi. Prednisoloni inaweza kusomwa na kipimo kana kwamba ni kotisoli, na deksamethasoni hunyamazisha kabisa tezi za juu ya figo zinazotengeneza kotisoli. Huku kwetu dawa hizi mbili hutolewa duka la dawa kwa urahisi, kwa maumivu ya mgongo au kuwashwa ngozi, na mnywaji hajui kila mara kwamba ni steroidi. Kabla ya kupima, soma jina kwenye paketi ya kila kidonge ulichokunywa karibuni.

Sasa saa. Kotisoli huanza kupanda mara tu mtu anapoamka, na ndani ya dakika 30 hadi 45 huongezeka kwa nusu au zaidi, kisha hushuka taratibu mpaka usiku. Aliyetafuna akiwa bado kitandani na aliyetafuna baada ya kuoga watatoa namba mbili tofauti hata kama miili yao ni sawa. Ndiyo maana miongozo ya wataalamu ya 2016 inataka sampuli ya pale pale unapofumbua macho, ya dakika 30 na ya dakika 45, na kwa zaidi ya siku moja. Kifurushi cha nukta 4 hutoa kichupa kimoja tu cha asubuhi, cha siku moja tu. Huo ndio upungufu mkubwa wa bidhaa hii, na hakuna uangalifu wa mtumiaji unaoweza kuuziba.

Kwa mtu mwenye kiwewe upungufu huo huwa mara mbili. Ameshtuka na jinamizi saa 8 usiku, akakaa sebuleni, akasinzia saa 10, akaamka tena saa 12. Ameamka lini? Kibandiko hakina nafasi ya kueleza. Na hapo hapo kuna mtego wa sisi wazungumzaji wa Kiswahili: tunaposema saa 1 asubuhi, maabara inasubiri 07:00. Ukiandika 1:00, grafu yako itachorwa kama ya saa 7 usiku na itaonekana ya mgonjwa. Andika kwa saa za kimataifa, na kando ya fomu eleza usiku ulivyokwenda.

Tukubali basi kwamba umefanya kila kitu sawasawa. Grafu inasema nini kuhusu vita? Mwaka 1986 John Mason na wenzake waliripoti kwamba askari wa Marekani waliopigana Vietnam wenye PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaofuata kiwewe, walikuwa na kotisoli ndogo kwenye mkojo, kinyume na watu walivyotarajia. Rachel Yehuda aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1993 timu yake ikaonyesha kwamba kipimo cha siku ya kawaida hakitoshi, lazima mfumo usukumwe. Mtu anapewa deksamethasoni 0.5 mg saa 5 usiku, nusu ya kiasi kinachotumika kutafuta ugonjwa wa Cushing, ule wa kotisoli iliyozidi mwilini, na damu inapimwa asubuhi yake. Kwa maveterani wenye PTSD kotisoli ilishuka zaidi kuliko kwa wengine. Yaani breki ya ubongo imekuwa kali: vipokezi vinaisikia kotisoli kupita kiasi, na tezi zinaamriwa kunyamaza mapema. Jambo hilo vichupa 4 vya mate haviwezi kulionyesha. Isitoshe, uchambuzi wa mwaka 2007 uliounganisha tafiti 37 haukukuta tofauti ya jumla ya kotisoli kati ya wenye PTSD na wasio nayo. Tofauti ilijitokeza katika baadhi ya makundi tu. Veterani mwenye kiwewe kizito anaweza kupata grafu safi kabisa, na asiye na kiwewe akapata iliyolala chini.

Ripoti zenyewe ndizo zinazotukera. Nyingi huja na neno "uchovu wa adrenali", hatua ya 1, 2 au 3, na orodha ya vidonge vya kununua. Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Tezi za juu ya figo zikishindwa kweli, huo ni ugonjwa wa Addison au jamaa zake, na huthibitishwa hospitalini kwa kuchoma ACTH, homoni inayoziamuru tezi hizo kutoa kotisoli, kwa kawaida mikrogramu 250, na kuangalia tezi zinaitikaje. Kumwambia askari kwamba tezi zake zimechoka, wakati kinachomsumbua ni breki iliyokaza, ni kumpoteza njia.

Upande wa kinga, kifurushi hakigusi kitu, ingawa huko ndiko madhara yanakotisha zaidi. Kotisoli ni kizimamoto cha kinga. Ishara yake ikivurugika huku noradrenalini, kemikali ya mwili ya tahadhari, ikibaki juu, seli nyeupe huendelea kutoa ujumbe wa kuwasha moto, kama IL-6 na TNF, na ini hujibu kwa kutoa CRP, protini ya damu inayoonyesha kwamba moto huo unawaka. Utafiti wa 2015 juu ya maveterani zaidi ya 666,000 wa Iraq na Afghanistan ulikuta wenye PTSD wana hatari karibu mara 2 ya magonjwa ya kinga kujishambulia, yakiwemo ya tezi ya thairoidi, baridi yabisi na lupasi, wakilinganishwa na wasio na ugonjwa wowote wa akili. Kingine cha kufikirisha: miongoni mwa askari wa Marines waliopimwa kabla ya kupelekwa vitani, waliokuwa na CRP ya juu walielekea zaidi kupata dalili za PTSD baadaye.

Kwa hiyo fedha ya kifurushi tungeihamishia kwingine: CRP ya kipimo makini (hs-CRP), sukari ya damu, lehemu, presha, na TSH, homoni inayoiamuru thairoidi, kama kuna dalili za tezi hiyo. CRP chini ya 1 mg kwa lita ni nzuri, juu ya 3 ni ya kuangaliwa, juu ya 10 mara nyingi ni maambukizi, hivyo rudia baada ya wiki 2. Kwa askari wa Kenya aliyerudi Somalia au wa Tanzania aliyerudi Kongo, pima malaria kwanza, maana huipandisha CRP vibaya.

Na kiwewe chenyewe kina kipimo chake, nacho ni cha bure. PCL-5, dodoso la kituo cha taifa cha PTSD cha Marekani, lina maswali 20, kila moja 0 hadi 4, jumla 80. Alama 31 hadi 33 na kuendelea ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari, ambaye ndiye atakayethibitisha. Linajazwa kwa dakika 5 hadi 10, na ukilirudia kila mwezi unaona kama tiba ya mazungumzo, au dawa kama setralini, inasaidia. Hakuna nukta ya mate inayoweza kufanya hivyo.

Kichupa kimoja cha kifurushi hiki tungekilipia kwa moyo mweupe: cha saa 5 au 6 usiku, daktari anaposhuku ugonjwa wa Cushing. Hapo mate ni kipimo kinachokubalika kote, hukusanywa usiku 2 au zaidi, na maabara yoyote ya homoni yenye huduma hiyo inaweza kukiuza peke yake. Kikikaa nyumbani kabla ya kutumwa, kiweke kwenye friji, kifuniko kikiwa kimekazwa.